Rudia Kidole

Mwavuli wa manjano, stendi ya Tandahimba,
siku ya pili ya mnada wa korosho.
Kijana akaupokea mkono wangu kama anayepokea samaki,
akaupangusa kwa shati lake,
akabonyeza gumba langu kwenye kidude chenye taa ya kijani.

"Haisomi, Bibi. Rudia."

Itasomaje?
Miaka thelathini na moja nabangua korosho,
na mafuta ya ganda hayaulizi jina:
yanakula ngozi, yanakula mistari,
yanakuachia ncha za vidole laini kama mgongo wa kijiko.
Niliona haya. Nikadhani kosa ni langu.
Nikarudia.

"Bado. Lete cha shahada."
Nikaleta.
"Cha kushoto."
Jua likahamia upande wa pili wa mwavuli.

Mara nne nilibonyeza.
Laini niliondoka nayo moja.

Hesabu hiyo nimeifanya leo,
kwenye benchi la kituo cha polisi,
baada ya Mwalimu Nandonde kuja kutoka Masasi,
miwani imefungwa kwa uzi,
na karatasi yenye jina langu,
kumtafuta mwanamke aliyemla laki sita na nusu.

"Wewe ndiye Somoe Chande Linyama?"
Ndiye.
"Uliyenipigia saa nane za usiku
ukasema mwanangu amelazwa, tuma haraka?"
Sauti ilianza na hasira.
Ikashuka ikatua miguuni pangu,
kandambili moja ya bluu, moja ya kijani.
Akakunja karatasi.
"Shikamoo," akasema.

Basi tupo wanne.
Somoe wa pili hupiga simu usiku, ana sauti ya kiume.
Wa tatu amekopa mara tano, hajalipa hata mara moja;
ndiyo maana nilipoomba elfu ishirini ya salfa
simu ilinijibu: hustahili.
Wa nne anabeti. Anapenda timu za Ulaya.
Nasikia aliwahi kushinda.
Sikuonjeshwa.

Askari anataka mwizi aliyetoka mbali,
mwenye kofia, mwenye gari la vioo vyeusi.
Unamjua, Bibi?
Namjua.
Shaweji, nyumba ya tatu kutoka kwangu.
Mwaka wa njaa alikunywa uji wangu,
alipotoka jandoni nilimvika kanga shingoni.
Amesema yote bila kupigwa:
kila laini elfu tano,
anayezinunua anamjua kwa jina la utani tu,
naye humuuzia mwingine asiye na jina kabisa.
Jina langu limefika wapi sijui. Mimi Lindi sijaiona.

"Sikukuibia kitu, Bibi," aliniambia, macho chini.
"Kidole si unacho?"

Ninacho.

Mama yake mama alichanjwa nembo usoni,
mistari ya kwenda na kurudi, mkaa ukasuguliwa ndani
hadi ngozi ikakubali.
Siku za gulio tulitembea nyuma yake, mbali kidogo,
sisi wenye nyuso tupu, tukimwonea aibu.
Hakuna aliyewahi kukopa kwa uso ule.
Mimi nina tarakimu ishirini.
Sizijui kwa moyo.
Shaweji anazijua.

Anayelitaka jina langu na alichukue lote basi:
na goti hili linalolia kila masika,
na kaburi la Mzee Linyama linalodai kupaliliwa,
na mikorosho kumi na saba yenye ukungu.
Lakini wao huchukua nyama tu,
mwiba wananiachia.

Askari amemaliza kuandika.
Anageuza karatasi, anafungua kopo la wino.
"Hujui kusaini? Weka dole gumba hapa."

Mkono wangu umeshaingia ndani ya kanga wenyewe.
Mwalimu anatazama dirishani.

Mara ngapi? nauliza.